Kamba ya patroli haifungwi bure

Swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa asubuhi ile theluji imeshuka usiku kucha alafu jua likatoka, ni hili: mbona kule juu hamjafungua? Watu wamepanga foleni kwenye lifti ya kuwapandisha mlimani, wanaona mlima mzima umejaa theluji mpya haijaguswa na mtu, wanaona kamba na mabango, alafu wananiona mimi na koti langu jekundu lenye msalaba mweupe mgongoni na wanadhani kuna mtu huko ofisini kaamua tu kuwabania. Sasa leo nataka niandike vizuri kazi yetu inavyokwenda. Nafanya patroli ya skii, yaani kulinda na kuokoa watu wanaoteleza kwenye theluji, kwa misimu kadhaa sasa na naona wengi wanajua ile sehemu ndogo tu ya mtu kuvunjika mguu na sisi kuja na sleji (machela inayoteleza kwenye theluji), ile nyingine ambayo ndo kubwa zaidi hawaioni kwa sababu inafanyika wao wamelala.

Siku ya dhoruba tunaamka saa 10 alfajiri, na yule anayesoma hali ya theluji anaamka kabla yetu, kwa sababu timu ikifika inatakiwa ikute vipimo vyote viko mezani. Theluji mpya imeshuka kiasi gani, ina maji kiasi gani ndani yake (theluji nyepesi na theluji nzito sio kitu kimoja hata kama kina chake ni kile kile), upepo umevuma toka wapi na kwa kasi gani, joto limepanda au limeshuka. Tunakaa kikao kifupi tumeshavaa viatu vya skii, kila mtu anaambiwa njia yake na mwenzake, tunapima bikoni zetu (vifaa vya kuvaa mwilini vya kumtafutia mtu aliyefukiwa na theluji) kama zinatoa na kupokea mawimbi, tunagawana mabomu ya kuangushia theluji, tunapanda lifti ya kwanza kukiwa bado giza.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba upepo una hatari kuliko theluji yenyewe. Theluji ikishuka taratibu bila upepo inalala sawasawa mlima mzima, lakini upepo ukivuma unaikomba upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuimwaga upande wa pili, ule uliojikinga, na hapo inaweza kurundikana mara nyingi zaidi ya kile kilichodondoka toka mawinguni. Na hairundikani laini laini hivi, inashikana inakuwa bamba gumu. Hilo bamba ndo linaloua watu. Mtu anakuja asubuhi anakwambia lakini imeshuka sentimita 20 tu usiku, kweli, pale kwenye kipimo chini zimeshuka 20, ila kule nyuma ya mgongo inaweza kuwa mita nzima na hakuna mtu aliyeiona ikijijenga.

Bamba peke yake halitoshi, linahitaji kitu kibovu chini yake. Mwanzoni mwa msimu theluji ikiwa haba na usiku ukiwa mkavu wenye baridi kali, ardhi kule chini bado ina joto kidogo, inakuwa karibu nyuzi 0, wakati juu ni baridi mno, basi mvuke unapanda kupitia kwenye theluji na kuzibadilisha zile chembe, zinakuwa kubwa, kavu, hazishikani kabisa, ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari. Ukichimba shimo mpaka chini unaliona hilo tabaka kwa macho, kuta za shimo zinakuwa nzuri zimenyooka alafu ukifika pale chini zinaanza kuporomoka zenyewe. Linaweza kukaa hivo miezi, theluji nyingine inapanda juu yake na mlima unaonekana umetulia, watu wanapita, alafu siku moja uzito unazidi au mtu mmoja anapita pale pembeni ambapo bamba ni jembamba na mguu wake unalifikia lile tabaka. Ndo maana mtu akiniambia jana nimepita hapo na hamna kilichotokea namsikiliza kwa heshima lakini maneno hayo hayanipi chochote, jana ni jana.

Miteremko inayoporomoka zaidi ni ya digrii 30 mpaka 45. Chini ya hapo theluji inatulia, juu ya hapo inadondoka yenyewe kidogo kidogo haipati nafasi ya kurundikana. Na hapo katikati ndo hapo hapo watu wanapopenda kuskii, ndo miteremko mitamu yote ilipo, kwahiyo hatuwezi kusema tu tuiache, inabidi tuende kuiangusha sisi wenyewe kabla ya wageni.

Tunakwenda wawili wawili, na sheria ya kwanza ni kwamba anayekuwa kwenye hatari ni mmoja tu, mwingine yuko sehemu salama anamwangalia, haondoi macho. Bomu lenyewe sio kubwa, ni kama kilo 1 hivi, na utambi wake unawaka sekunde 90. Unafika juu ya mgongo, mnakubaliana kwanza mtajificha wapi, unaangalia chini kama hamna mtu, unaita kwenye redio, unavuta kiwashio. Hapo sasa lazima uone moshi unatoka kwenye utambi na usikie ukichemka mkononi, bila hivo usijiambie imewaka. Unatupa. Unaondoka, haukimbii, kuanguka na skii zako pale sio jambo la kujaribu, unaenda nyuma ya mwamba mliokubaliana, mnaziba masikio mnafungua midomo na mnahesabu. Mlipuko wenyewe unausikia kifuani kuliko masikioni, theluji inaumeza. Kuna siku unabaki na doa jeusi tu kwenye mteremko na harufu ya baruti. Na kuna siku unaona mstari unafunguka, unakimbia kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jicho haliwezi kuufuata, alafu mteremko wote mzima unasogea pamoja kabla haujapasuka mapande, na vumbi la theluji linapanda linafunika bonde lote, na mwenzako aliyekuwa anaongea ananyamaza. Mara ya kwanza kuona hivo nilielewa moja kwa moja kwanini watu wazima wenye familia zao wanaamka usiku wa manane kufanya kazi hii.

Alafu kuna kuukata mteremko na skii, yaani mtu anapita juu kabisa kwa kasi, kwa pembe, toka sehemu salama kwenda sehemu nyingine salama, akijaribu kuutikisa ule ukingo uanguke wakati yeye ana mwendo wa kutosha kutoka. Hiyo tunaifanya kwenye miteremko midogo tu tunayoijua vizuri na usijaribu kwa sababu umesoma hapa. Vituo vingine vina mabomba makubwa ya chuma yamesimikwa juu milimani yanalipua gesi, mtu anabonyeza kitufe akiwa ofisini, na kuna vilivyotumia mizinga ya jeshi kabisa. Bomu likigoma kulipuka, eneo lote linafungwa mpaka tulipate na kulimaliza, hata kama foleni imefika kwenye maegesho ya magari. Hilo peke yake limeshafanya tuchelewe kufungua asubuhi nyingi, na kwenye bango haliandikwi.

Kuna tukio moja ambalo kila mtu wa patroli analijua. Tarehe 31 Machi 1982, kituo cha Alpine Meadows kule California, dhoruba ilikuwa imepiga siku kadhaa na mlima ulikuwa umefungwa, hamna wageni wanaoskii. Pamoja na hayo poromoko la theluji lilishuka likafika mpaka maegesho ya magari na jengo la lifti, watu 7 wakafa. Anna Conrad, aliyekuwa anafanya kazi kwenye lifti, alibaki chini ya kifusi kwenye kijinafasi kidogo siku 5, na alitolewa hai, mbwa aliyemnusa akiwa chini anaitwa Bridget. Alipoteza mguu lakini aliishi. Nalitaja kwa sababu watu wanafikiri wataalamu wakishafunga kamba basi wameimaliza hatari. Hapana jamani, mlima ulikuwa umefungwa na bado. Tunapunguza, hatumalizi.

Turudi kwenye kamba. Sio kila kamba ni ya maporomoko, na nadhani hapa ndo watu wanapochanganyikiwa. Nyingine ni kwa sababu theluji ni nyembamba na chini kuna mawe na visiki, nyingine kuna mashindano, nyingine kuna mtu ameumia chini ya tuta la mteremko na tunamfanyia huduma hatutaki mtu aruke juu yake. Na kuna ile ya mitambo ya kusawazisha theluji. Mteremko ukiwa mkali, mtambo unafungwa kwa waya wa chuma juu mlimani ili usiteleze, na huo waya unaweza kufika hata kilomita 1, umekazwa, usiku hauuoni kabisa, sehemu nyingine umezama ndani ya theluji, alafu mtambo ukigeuka waya unaruka juu ghafla au unafagia pembeni. Mtu anayepanda mlima usiku na taa yake kichwani, anashuka kwa raha zake, anakutana na waya shingoni. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Bango la "njia imefungwa" la saa 12 jioni lina maana kama la saa 2 asubuhi.

Mtu anayevuka kamba anafikiri anahatarisha maisha yake mwenyewe tu na ni haki yake. Nimewasikia wengi wakisema hivo na najua wanasema kwa dhati. Lakini angalia: ukivuka ukaanguka kule, mimi lazima nije, na nije kwenye mteremko ule ule ambao asubuhi tuliuangalia tukasema haufai, tena na mwenzangu, tena na sleji. Na ukiuangusha, chini yako kunaweza kuwa na njia iliyo wazi yenye watoto wa shule ya skii. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya wanaovuka wanafuata tu alama za skii za mtu aliyepita mbele yao, hawajui hata yeye alikuwa nani na aliishia wapi.

Ukifukiwa na theluji muda wako ni mfupi sana. Wengi wanaotolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 wanaishi, baada ya hapo namba zinaporomoka vibaya, manake hewa inaisha na pumzi yako mwenyewe inagandisha theluji iliyo mbele ya uso wako. Kwahiyo hata tukiwa wepesi kiasi gani, atakayekuokoa kwa kawaida ni uliyekuwa naye, sio sisi. Ndo maana ukitoka nje ya mipaka ya kituo lazima uwe na bikoni, zote duniani zinatumia mawimbi ya kilohezi 457 kwahiyo ya kampuni hii inaisikia ya kampuni ile, uwe na fimbo ndefu ya kuchoma theluji, uwe na koleo la chuma sio la plastiki, na uwe umefanya mazoezi. Kuchimba ndo kunachukua muda mrefu kuliko kutafuta. Watu wananunua bikoni ya bei mbaya wanaiweka kwenye begi, begini haisaidii, inavaliwa mwilini chini ya koti na iwe imewashwa toka mnaondoka.

Na kuna hatari nyingine haina mlipuko wala kishindo, ni shimo la chini ya mti. Ile miti yenye matawi ya chini yaliyotandaa inazuia theluji isijazane karibu na shina, basi kunabaki uwazi umefunikwa na theluji laini isiyoshikilia chochote, mtu anaanguka kichwa chini miguu juu, na kila akijitingisha theluji inazidi kumwingia. Anaweza kufa hapo mita chache toka njiani na mwenzake anamsubiri kwenye lifti. Kwenye miti msiachane. Sio kukubaliana mtakutana chini, namaanisha kuonana kwa macho au angalau kusikiana sauti, na ukimpoteza mwenzio usishuke, anza kumwita na kupanda ulikomwona mwisho.

Basi, majeruhi. Siku ya kawaida wengi wanaumia magoti, zile kano za goti zinachanika skii ikigeuka upande mmoja na mwili upande mwingine. Wa snoubodi, wale wa ubao mmoja, wanaumia vifundo vya mikono na mabega kwa sababu wakianguka wanaweka mkono chini. Kuna kidole gumba, kinavutwa na mkanda wa fimbo. Kichwa kipo pia, na helmeti inasaidia sana ila haikufanyi usitikisike ubongo, mtu akiniuliza swali lile lile mara tatu ndani ya dakika moja siangalii tena kama helmeti imepasuka.

Nikifika, skii zangu nazichomeka kwenye theluji juu yake zikiwa zimekatana, hiyo ndo alama inayojulikana karibu kila mahali, ukiona skii zimekatana mteremkoni ujue chini kuna mtu, punguza mwendo pita mbali. Hata wewe ukiwa wa kwanza kufika fanya hivo kabla ya kitu kingine. Alafu najitambulisha, naomba ruhusa ya kumgusa. Kuna mama mmoja nilimkuta amekaa katikati ya mteremko, goti limemshinda, na alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nilidhani ni maumivu, kumbe hapana, alikuwa ameshaiona sleji inakuja na alikuwa anaogopa kufungwa mikanda na kushushwa akiwa hana uwezo wa kujizuia. Nilimwambia, mama, tutashuka mwendo utakaousema wewe, na kila nikitaka kugeuka nitakwambia kabla sijageuka. Tukashuka hivyo, napaza sauti naenda kulia, naenda kushoto, hapa kuna kitumbua cha theluji tutaruka kidogo, na yeye anajibu sawa, sawa. Nusu ya kazi ya huduma ya kwanza ni kuongea, na siku zote nawaambia wanaoanza wasikae kimya wakidhani ukimya unaonyesha utaalamu.

Kitu kingine ambacho ningependa kila mtu ajue ni baridi ya chini. Mtu amelala kwenye theluji, watu wazuri waliosimama wanavua makoti wanamfunika juu, na chini hana kitu, na ni kule chini ndo joto linapotoka kwa kasi. Weka kitu chini yake kwanza kama unaweza bila kumtingisha, begi, koti, chochote, alafu juu. Usimvue kiatu cha skii mtu aliyevunjika mguu, hicho kiatu kigumu kimeshamfungia mfupa mahali pake bora kuliko utakavyofanya wewe. Usimsimamishe "ajaribu kidogo".

Sleji yenyewe inaendeshwa na mtu mmoja mbele kati ya mipini miwili mirefu ya sleji, anashuka kwa kuteleza upande upande, na chini yake kuna mnyororo ambao ukiachiwa unauma theluji na kupunguza mwendo. Mteremko ukiwa mkali kuna wa pili nyuma ameshika kamba, yeye ndo breki ya mwisho ikitokea wa mbele ameteleza. Ukimwona anayeshuka vizuri na sleji hauoni kitu cha kusisimua, inashuka pole pole haiyumbi, aliyemo ndani anaona anga tu, na hiyo ndo sifa.

Haya yote yalianza kwa machungu ya watu wachache. Mwaka 1936 Marekani, Charles Minot Dole, walimwita Minnie, alivunjika kifundo cha mguu akiskii pale Stowe, Vermont, hamna patroli wala machela, rafiki zake wakamshusha kwenye kipande cha bati la kuezekea. Mwaka huo huo mmoja wa rafiki hao, Frank Edson, alikufa kwa kuumia kwenye mashindano. Dole hakukaa kimya, na 1938 ikaanzishwa National Ski Patrol yeye akiiongoza. Baadaye vita vilipokuja ni yeye aliyelibana jeshi la nchi yake mpaka likaunda vikosi vya kupigana milimani, na wanajeshi wa vikosi hivyo waliporudi nyumbani wengi walikwenda kufanya kazi kwenye vituo vya skii. Monty Atwater alikuwa mmoja wao, akaenda Alta, Utah, na huko ndo akaanza kujifunza maporomoko kisayansi na kuyaangusha kwa baruti na mizinga. Mimi nikiwa juu ya mgongo wa mlima na utambi mkononi na mwenzangu anavuta sleji chini, tunafanya kazi za hao watu wawili.

Sasa niseme la malipo, maana watu wanaona aibu kulisema. Wapo watu wengi wa patroli ambao ni wa kujitolea, wana kazi zao nyingine na wanakuja mwisho wa wiki, nawaheshimu sana. Ila hata wanaolipwa, wengi wanalipwa kidogo ukilinganisha na kinachotakiwa: ujue kuskii kila aina ya theluji, ujue huduma ya dharura, ushike vilipuzi, upande nguzo ya lifti kushusha watu kwa kamba umeme ukikatika, na msimu ukiisha kazi imeisha. Ufaransa mtu wa patroli lazima awe na cheti kinachotambuliwa na serikali, na pesa ya kumshusha majeruhi mara nyingi inadaiwa kwake mwenyewe, ndo maana wenye akili wanakata bima asubuhi. Marekani mwisho wa Desemba 2024 patroli ya Park City kule Utah iligoma karibu wiki mbili katikati ya sikukuu, lifti na njia nyingi zikabaki zimefungwa, na mshahara wa kuanzia ukapanda toka dola 21 mpaka 23 kwa saa. Niliwafuatilia kila siku na nilikuwa upande wao kabisa. Mtu mwenye uzoefu akiondoka kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda, anaondoka na kumbukumbu ya miaka ya kila mteremko, ule ulioporomoka upepo ulipotoka kusini, ule unaodanganya, na hiyo haiandikwi yote kwenye daftari, anayekuja kesho anaanza upya na wageni hawajui.

Na kuna uzito mwingine. Kuna majeruhi hawaamki. Ukishuka umeshika redio na umepiga kifua cha mtu kwa nusu saa kwenye baridi, kesho yake saa 11 unatakiwa uwe na bomu mkononi. Zamani watu walikuwa wananyamaza au wanakunywa, siku hizi sehemu nyingi tunakaa baada ya tukio kubwa tunaongea, kila mtu anasema alichokiona, na kuna wataalamu wa kuongea nao. Napenda ilivyobadilika na nataka iendelee hivo.

Jioni lifti zikisimama tunafagia mlima. Kila njia ina mtu wake, tunaanza juu wote kwa pamoja, tunashuka taratibu, kwenye miti unasimama unaita alafu unanyamaza unasikiliza, unaita tena. Haturuki kona hata moja, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka njia zote zimeitwa kwenye redio kwamba ni safi. Kwahiyo ukiwa umekaa pembeni unapiga picha za machweo na mtu wa koti jekundu anakuja anakuomba ushuke, tafadhali shuka, nyuma yake kuna timu nzima imesimama inakusubiri wewe tu.

Ukihitaji kutuita, usiseme tu "niko karibu na miti". Sema jina la njia, uko juu au chini ya makutano gani, na kama uko karibu na lifti angalia nguzo, zina namba, namba ya nguzo inatufikisha haraka kuliko maelezo yoyote. Sema anaongea au haongei, anapumua au hapumui. Namba ya patroli iweke kwenye simu asubuhi kabla vidole havijafa ganzi.

Na wale mlioniuliza namna ya kuingia: ulizeni mapema, vituo vingi vinafanya majaribio mwisho wa msimu kwa ajili ya msimu unaofuata. Watakuangalia unavyoskii kwenye barafu, kwenye matuta, kwenye theluji nzito iliyooza, hawatafuti mtu wa mbwembwe, wanatafuta mtu asiyeanguka akiwa amebeba mzigo. Kozi ya dharura utasoma miezi, baruti utafundishwa baadaye sana na leseni yake ina mlolongo wake. Sleji utaishusha tupu kwanza, siku nyingi, mpaka uichoke, alafu mwenzako wa zamani ataingia ndani atajifunga mikanda na kukwambia twende, na mkifika chini yeye ndo atakayesema kama uko tayari kubeba mgeni.